Daktari wako alirudi darasani lini?



Safu hii imezoea kukueleza habari za kuosha mikono, kuchemsha maji na kufunika vyakula. Leo niwie radhi, nataka tuzungumze juu ya sisi tunaokutibu. Nina swali ambalo huenda hujawahi kumuuliza daktari yeyote: mara ya mwisho aliingia darasani lini? Siulizi alimaliza chuo lini. Nauliza, tangu amalize, amewahi kurudi?

Mimi ni afisa tabibu. Cheti changu nimekitundika ukutani na kinaonyesha kuwa nilihitimu mwaka 2014. Mgonjwa akikitazama hupata utulivu, na hapana ubaya. Lakini cheti hakisemi kama yale niliyofundishwa bado ni sahihi.

Nikupe kisa changu mwenyewe. Mwaka 2015 nilikuwa kituo cha afya kimoja mkoani Tanga. Usiku mmoja wa masika baba mmoja alimleta binti yake wa miaka mitatu. Homa kali, anahema kwa kasi, mikono na miguu baridi kama imetoka kwenye maji. Kipimo kikaonyesha malaria. Nilitafuta mshipa nikaupata, nikampa sindano ya artesunate, kisha nikafungulia dripu ikimbie. Ndivyo daftari langu la chuo lilivyosema: mtoto aliye katika shoku, yaani damu haizunguki vizuri mwilini, mjaze maji kwa haraka ndani ya saa ya kwanza. Nilifuata neno kwa neno. Alifariki kabla ya adhana ya alfajiri.

Baba yake nilikuwa naswali naye msikiti mmoja. Alinishika mkono akaniambia, "Daktari, hii ni kadari ya Allah, wewe umejitahidi." Na mimi niliamini kuwa nimejitahidi.

Miaka mitatu baadaye nilihudhuria kozi ya wiki moja ya dharura za watoto katika chuo kikuu kimoja cha tiba jijini Dar es Salaam. Siku ya pili mhadhiri alituwekea matokeo ya utafiti uitwao FEAST. Ulifanyika Uganda, Kenya na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,000 waliofika hospitali wakiwa na homa kali na damu isiyozunguka vizuri, wengi wao wakiwa na malaria. Baadhi walijazwa maji kwa haraka, wengine wakapewa polepole. Watafiti wenyewe walitarajia kuwa maji ya haraka yataokoa. Ikawa kinyume chake. Katika kila watoto 100 waliojazwa maji kwa haraka, 10 hadi 11 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wale waliopewa polepole walifariki kama 7. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011, na Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya wa dharura za watoto mwaka 2016.

Ndugu msomaji, fanya hesabu. Utafiti ulitoka 2011 na mimi nilihitimu 2014, maana yake daftari langu lilikuwa limepitwa na wakati siku ile ile nilipokuwa naliandika. Na hospitali ya Tanzania iliyoshiriki utafiti huo ilikuwa Teule, Muheza, humo humo mkoani Tanga. Elimu ilipatikana mwendo wa daladala kutoka nilipokuwa, nami nikaja kuisikia Dar es Salaam, mtoto wa watu ameshazikwa.

Hapa niweke tahadhari, kwa sababu najua maneno yanavyosafiri mitaani. Utafiti huo haukuwahusu watoto wanaoharisha. Mtoto wa kuharisha au mwenye kipindupindu akikaukiwa, maji ndiyo uhai wake, na wakati mwingine hupaswa kupewa kwa haraka sana. Asije mtu akamzuia muuguzi kuweka dripu kwa kuwa amesoma gazetini. Mwanao akiharisha mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti mapema, na ukumbuke kuuliza vidonge vya zinki, ambavyo hutolewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma.

Tuendelee. Siwezi kusema kwamba dripu ile ndiyo iliyomuua binti yule. Malaria yake ilikuwa kali, pengine angefariki hata mikononi mwa bingwa. Lakini siku ile darasani nilishindwa kula chakula cha mchana. Neno la kadari lilikuwa haki ya baba yule kulisema, na lilimpa subira. Halikuwa langu mimi la kujifichia. Imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na wengineo, kwamba anayewatibu watu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba hubeba dhamana ya madhara atakayoleta. Tulipoisoma madrasa nilidhani inawahusu matapeli wa mitishamba tu. Siku hizi najiuliza kama haimgusi pia yule aliyekuwa na elimu, akaiacha ikaoza.

Waliopita madrasa watanielewa kwa urahisi. Kijana anayehifadhi Qur'an hawi hafidh kwa siku ya kuhitimu peke yake. Asipofanya muraja'a, miezi michache tu, juzuu zinamkimbia. Nasi tumefundishwa kwamba Qur'an hutoroka kifuani haraka kuliko ngamia aliyefunguliwa kamba. Tena Qur'an haibadiliki! Sasa tiba, ambayo kila baada ya miaka michache hubadilika, mtu anaisoma miaka mitatu au mitano, kisha anaifunga kabatini miaka thelathini?

Wenye umri wangu na zaidi wanaikumbuka klorokwini, ule uchungu wake na muwasho wake. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliiacha ikaingia SP, na kuanzia mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa mseto. Mara mbili ndani ya miaka isiyofika sita! Malaria kali nayo ilikuwa ni dripu ya kwinini. Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya utafiti wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, na sindano ya artesunate ikashusha vifo kutoka asilimia 10.9 hadi 8.5. Vidonda vya tumbo tuliambiwa ni mawazo na pilipili. Leo inajulikana kuwa sababu kubwa ni bakteria, na wawili waliomgundua walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bado kuna wagonjwa wanaopewa dawa ya kutuliza asidi mwaka baada ya mwaka bila kupimwa bakteria huyo, kwa sababu anayewatibu alimaliza chuo zamani.

Utaniambia, "Daktari wetu ni mtu mzima, ana uzoefu." Uzoefu nauheshimu, umenifundisha mengi ambayo kitabu hakina. Lakini mwaka 2005 watafiti wa Marekani walikusanya uchunguzi 62 uliolinganisha miaka ya kazi ya madaktari na ubora wa matibabu yao. Zaidi ya nusu ulikuta kwamba kadiri miaka ilivyoongezeka, ubora ulishuka. Si kwa uvivu wala kwa roho mbaya. Ni kwamba mtu hubaki pale chuo kilipomwacha.

Sasa, je, kila kozi ni kozi? La hasha. Nimekaa kwenye semina ambazo swali la kwanza la washiriki lilikuwa posho, na la mwisho likawa posho. Mhadhiri anasoma maandishi ya ukutani mwanzo hadi mwisho, chai, picha ya pamoja, cheti. Mwaka 2009 ulitoka uchambuzi wa tafiti 81 juu ya mikutano ya kuwaelimisha wahudumu wa afya, ukaonyesha kuwa utendaji hupanda kwa asilimia 6 hivi tu, na kwamba inayochanganya mihadhara na mazoezi hufanya vizuri zaidi ya mhadhara mtupu. Kozi ile iliyonizindua ilikuwa na midoli ya watoto wachanga tuliyoipulizia pumzi mpaka jasho likatutoka, na mwalimu aliyetukosoa mbele ya wenzetu bila kuona haya. Kwa hiyo tunapodai kozi tudai za namna hiyo.

Vyuo vya kutolea mafunzo haya tunavyo. Muhimbili ilianza kama shule ya udaktari mwaka 1963 na tangu 2007 ni chuo kikuu kamili cha afya. Kuna KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Sheria ya mwaka 2017 imetuweka madaktari na sisi wa kada za chini yao katika usajili na leseni, na kujiendeleza ni wajibu wetu wa kitaaluma. Kikwazo ni nani atalipa, na nani ataruhusu.

Na hapa ndipo ninapokuja kwako wewe msomaji, hasa kama umo katika kamati ya zahanati ya msikiti au ya taasisi yetu ya Kiislamu. Alhamdulillah, tumejenga. Tunaweka vigae, tunanunua ultrasaundi, jina la mfadhili linaandikwa kwenye marumaru pale mlangoni. Lakini fungua bajeti ya mwaka utafute mstari wa mafunzo ya watumishi. Mara nyingi haupo. Mimi kamati moja ilinikatalia ruhusa mara mbili. "Ukienda wagonjwa watabaki na nani?" waliniuliza, na mzee mmoja akaongeza kwamba nikishasoma nitahama. Kozi niliyokueleza nilikwenda kwa likizo yangu ya mwaka na kwa fedha iliyokaribia mshahara wa mwezi. Siwalaumu sana. Hofu ya kuhama ni ya kweli, wapo waliohama. Ila aliyebaki miaka kumi bila kujifunza kitu naye ana hasara yake, isipokuwa hasara hiyo huzikwa makaburini, haiandikwi kwenye daftari la mahesabu.

Wala si lazima kila mara mtu aondoke kituoni. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha New Mexico kilianza mwaka 2003 kuwafundisha matabibu wa vijijini na magerezani kwa njia ya video, kila wiki, wakijadili wagonjwa wao halisi wa homa ya ini aina ya C pamoja na mabingwa wa chuo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: wagonjwa waliotibiwa huko vijijini walipona kwa kiwango sawa na waliotibiwa chuoni, takriban asilimia 58 kila upande. Simu ninazoziona mikononi mwa vijana wetu wakitazamia mpira zinatosha kabisa kwa darasa la namna hiyo. Kinachohitajika ni bando, saa moja kila wiki, na mwenyekiti ambaye hatagonga mlango kuuliza mbona foleni haisogei.

Basi kikao kijacho cha kamati mtakapofika kwenye mengineyo, nyoosha mkono. Uliza tabibu wenu, mkunga na mtu wa maabara walihudhuria mafunzo gani mwaka huu, na wakirudi huwa wanawafundisha wenzao lini. Ombeni mstari mmoja katika bajeti, hata wa mtu mmoja kwa mwaka, na mtu wa kushika nafasi yake kwa wiki hiyo. Na siku utakapofika zahanati ukaambiwa tabibu yupo kwenye kozi, usiondoke ukilaani. Akirudi, mwulize amejifunza nini. Anayefanya kazi yake kwa haki atafurahi kuulizwa.

Baba wa binti yule bado tunaonana ninapokwenda Tanga. Mwaka juzi nilimweleza habari yote, dripu na utafiti. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama wale vijana wapya waliopo pale kituoni sasa wanalijua jambo hilo. Nilimwambia nitakwenda kuwauliza. Nilikwenda. Walikuwa watatu, mmoja alilijua.

Juma lijalo, inshaallah, tutarejea kwenye usafi wa matangi ya kutawadhia.