Tukimkumbuka Msasi, Tuwataje na Waliomwonyesha Njia

Jina la Philip Percival halisikiki sana katika madarasa yetu. Wanafunzi wanamjua Lord Delamere, na Karen Blixen wanamjua kwa sababu ya mtaa na filamu, lakini ukiwauliza Percival alikuwa nani watakutazama tu. Hata hivyo, waliosoma kazi za Ernest Hemingway wamekwisha kukutana naye pasipo kujua. Yule mwindaji mtulivu aitwaye Pop katika kitabu cha Green Hills of Africa, kilichotoka mwaka wa 1935, ndiye Percival. Mwandishi alimpa jina la kubuni, Jackson Phillips, lakini hakujaribu sana kuficha, kwani tabaruku ya kitabu chenyewe inamtaja Philip.

Percival alifariki mwaka wa 1966, na wenzake katika kazi ya kuwaongoza wageni porini walimhesabu kuwa mzee wao. Ninaandika juu yake si kwa kuwa mimi ni mpenzi wa bunduki, la hasha. Kazi yangu ni isimu. Lakini maisha ya mtu huyu na ya nduguye yanatufunza jambo kubwa kuhusu maneno mawili ambayo tunayatumia kila siku bila kuyapima: mwindaji na jangili.

Tuanze kwa kumpa marehemu haki yake. Percival alifika nchini mwanzoni mwa karne ya ishirini, akawa mlowezi upande wa Machakos. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alipowasili mwaka wa 1909, Percival alikuwa mmoja wa walowezi waliokwenda naye kuwinda simba katika nyanda za huko. Baadaye akaifanya kazi hiyo kuwa riziki yake. Hemingway alipokuja mwishoni mwa mwaka wa 1933, Percival ndiye aliyemwongoza, wakavuka mpaka na kuwinda Tanganyika. Miaka ishirini baadaye mwandishi huyo aliporudi, mzee Percival alikubali kutoka tena shambani mwake ili afuatane naye. Mwaka wa 1934 wawindaji wa kulipwa waliunda chama chao cha Afrika Mashariki katika hoteli ya Norfolk jijini Nairobi, na Percival akawa rais wa chama hicho kwa miaka mingi. Miiko ya kazi yao haikuwa ya mzaha. Mnyama aliyejeruhiwa hakuachwa porini, ilibidi afuatwe hata kama ni nyati aliyejificha kichakani, na aliyetangulia kumfuata alikuwa mwindaji mwenyewe, si mgeni aliyelipa fedha. Wapo waliokufa kwa kuutii mwiko huo. Ushujaa wa namna hiyo hatuwezi kuubeza.

Sasa tumtazame nduguye. Blayney Percival alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni, mlinzi wa wanyama pori, na kitabu chake, A Game Ranger's Note Book, kilichapishwa mwaka wa 1924. Maana yake ni kwamba ndugu mmoja alisimamia sheria ya uwindaji, na mwingine akapata umaarufu kwa kuwinda chini ya sheria hiyohiyo. Sisemi kwamba walifanya hila. Sina sababu ya kuwashuku. Ninalosema ni kwamba katika familia hii tunaona waziwazi jinsi sheria, kibali na bunduki vilivyokuwa mali ya jamii moja ndogo, vikizunguka baina ya watu waliokaribiana kwa lugha, kwa rangi na hata kwa damu.

Je, wenyeji nao walikuwa wapi? Walikuwepo, tena walikuwa wawindaji kabla Percival hajazaliwa. Chukua mfano wa Wawaata, ambao vitabu vingi vya kizamani vinawaita Waliangulu. Hawa ni watu wa nyika iliyo kati ya Tsavo na pwani, na lugha yao ni ya jamii ya Kioromo. Waliwinda ndovu kwa upinde mzito ambao mtu asiyeuzoea hawezi kuuvuta, na kwa mishale iliyopakwa sumu ya mti iliyochemshwa kwa ustadi. Nyama waliila, na pembe wakawauzia wafanyabiashara wa pwani. Ufundi huo ulirithishwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana, kama vile seremala anavyomrithisha mwanawe randa.

Mwaka wa 1948 sehemu kubwa ya ardhi hiyo ikatangazwa kuwa mbuga ya taifa ya Tsavo. Mwindaji wa Kiwaata alilala akiwa msasi, akaamka akiwa mhalifu. Katika kampeni kubwa ya miaka ya 1956 na 1957, iliyoongozwa na maafisa kama David Sheldrick na Bill Woodley, wengi walikamatwa wakafungwa. Jina la mmoja wao, Galogalo Kafonde, limo katika vitabu vinavyosimulia habari hizo. Baadhi ya maafisa hao waliuheshimu ujuzi wa watu waliowakamata, na mwaka wa 1960 ukaanzishwa mradi wa Galana ili Wawaata waweze kuwinda kwa kibali. Haukudumu.

Hapa ndipo mwanaisimu anapotega sikio. Percival alimfuata ndovu, akamuua, akaitwa mwindaji. Galogalo alimfuata ndovu, akamuua, akaitwa jangili. Ndovu ni yuleyule, kifo ni kilekile, tena yule mwenye upinde alijongea karibu zaidi kuliko mwenye bunduki. Kilichowatenganisha ni karatasi. Wengi huliunganisha neno jangili na neno la Kihindi lenye maana ya mtu wa porini, asiyestaarabika. Ikiwa asili yake ndiyo hiyo, basi neno lenyewe halikuanza kwa kusema mtu huyu ametenda nini. Lilianza kwa kusema ametoka wapi, na linamdharau kwa hilo.

Najua kuna msomaji atakayeniuliza kama nawatetea majangili. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu. Ndovu wa Kenya walikadiriwa kuwa 167,000 mwaka wa 1973, na kufikia mwaka wa 1989 walikuwa wamebaki karibu 16,000 tu. Hilo halikuwa tendo la mzee mwenye upinde. Ilikuwa biashara ya bunduki za rashasha, ya matajiri wa mijini na ya wanunuzi wa ng'ambo. Serikali ilipopiga marufuku uwindaji wa wanyama mwezi wa Mei mwaka wa 1977, na chama cha akina Percival kikavunjika, haikukosa sababu. Rais Daniel arap Moi alipochoma tani 12 za pembe mwezi wa Julai mwaka wa 1989, dunia ilielewa. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 nayo iliweka adhabu kali, hata kifungo cha maisha. Mimi siipingi. Ninachopinga ni kulitumia neno moja kwa mfanyabiashara mwenye rashasha na kwa babu aliyekuwa akitafuta nyama katika ardhi ya baba zake. Neno linalowaweka watu hao wawili katika chungu kimoja halitusaidii kufikiri, na linamwonea mmoja wao.

Isitoshe, hata ndani ya kambi ya mwindaji mwenyewe, majina yaligawanywa kwa upendeleo. Roosevelt alisafiri na wapagazi zaidi ya 200. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, na idadi hiyo tunaijua kwa sababu iliandikwa moja kwa moja, mnyama kwa mnyama. Wapagazi waliobeba mahema, chumvi ya kukaushia ngozi na ngozi zenyewe, wangapi kati yao tunawajua kwa majina? Katika kitabu cha Hemingway yumo mbeba bunduki aitwaye M'Cola. Tazama tahajia hiyo, ambamo herufi ya m imewekewa alama pembeni, kana kwamba m ya kwetu haiwezi kusimama bila kuegemezwa. Yumo pia mfuata nyayo aitwaye Droopy, lakabu ya Kiingereza aliyopewa kwa sababu ya kope zake zilizolegea. Mtu huyu alikuwa na uwezo wa kusoma ardhi kama sisi tunavyosoma gazeti, lakini wasomaji wa dunia nzima wanamjua kwa kope zake.

Hata lugha waliyozungumza kambini ina mengi ya kutufunza. Ilikuwa ni ile inayoitwa Kisetla, Kiswahili kilichonyolewa ngeli na nyakati, ambamo "usipige" huwa "hapana piga". Wengi wetu tumezoea kukicheka Kisetla. Lakini tukumbuke kwamba mfuata nyayo alipotaka kueleza kwamba kifaru alipita hapa alfajiri, kabla umande haujakauka, na kwamba anachechemea mguu wa nyuma, alilazimika kuyapitisha maarifa hayo yote katika tundu la sindano la Kisetla ili bwana wake aelewe. Yaliyopita ndiyo yaliyoandikwa vitabuni. Yaliyokwama yalibaki katika Kikamba, Kimaasai na Kiwaata, vinywani mwa wazee ambao siku baada ya siku wanatutoka.

Wanyama nao wameyabeba majina ya wageni. Swala tomi ametokana na Joseph Thomson, Mskochi aliyepita nchi ya Wamaasai mwaka wa 1883. Swala granti ametokana na James Grant, aliyesafiri pamoja na Speke. Na yule pundamilia wa kaskazini mwenye milia myembamba anaitwa wa Grevy, jina la rais wa Ufaransa Jules Grévy, alilopewa mwaka wa 1882. Wasamburu hawakuhitaji kumngoja rais wa Ufaransa ndipo wamwite mnyama huyo. Na neno safari lenyewe, ambalo sisi tulilitohoa kutoka Kiarabu, Waingereza wamelichukua kwetu na kulirudisha likiwa limevaa kofia ya mtalii. Sisi husafiri kwenda hija, kwenda matangani, kwenda shuleni muhula unapofunguliwa. Kwa mgeni, safari ni kwenda kutazama simba. Siku hizi naona matangazo yaliyoandikwa kwa Kiswahili na Wakenya wenyewe yakilitumia neno hilo kwa maana ya mgeni, na maana ya mwenyewe ikiachwa nje.

Basi tufanyeje? Kumfuta Percival katika historia hakutatusaidia. Alikuwepo, alikuwa hodari, na kumbukumbu yake ni sehemu ya historia ya nchi hii, tupende tusipende. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Kwa miaka mingi tumempa haki yake mwenye nguvu, na mnyonge tukamnyonga tu.

Nina mapendekezo mawili kwa walimu wenzangu. La kwanza linahusu darasa la fasihi na historia. Mwalimu anayefundisha Hemingway, au hata anayegusia juujuu habari za wawindaji wa kikoloni, awaulize wanafunzi ni nani katika simulizi hilo ana jina kamili, ni nani ana lakabu, na ni nani hana hata lakabu. Swali hilo halihitaji vitabu vipya wala fedha za wizara. Vilevile, mwanafunzi anapoliandika neno jangili katika insha yake, aulizwe anamkusudia nani: mwenye shehena ya pembe bandarini, mwenye rashasha, au mwenye mtego wa waya anayewinda nyama ya chakula? Wote watatu huenda wamevunja sheria, lakini hawafanani, na insha inayowachanganya haijafikiriwa sawasawa.

La pili ni la dharura. Wanafunzi wanaotoka Machakos, Makueni, Voi, Kilifi, Narok na Samburu waende likizo na daftari. Wawaulize wazee majina ya wanyama, ya nyayo, ya mavi ya wanyama, ya sumu, ya aina za upinde, na majina ya watu waliobeba bunduki za wageni. Hata mtu aliyekuwa kijana wa miaka ishirini uwindaji ulipopigwa marufuku mwaka wa 1977 sasa ni mzee, na waliowahi kuifanya kazi hiyo enzi za Percival wamebaki wachache sana, kama wamebaki. Kamusi zetu zina pengo kubwa katika msamiati huu, na hakuna mtaalamu wa chuo kikuu atakayeliziba akiwa ameketi ofisini mwake, mimi nikiwemo.

Mjukuu wa mfuata nyayo yumo katika moja ya madarasa yetu leo. Huenda amekwisha kufundishwa kwamba uwindaji ulikuwa kazi ya akina Percival, na kwamba wazee wake mwenyewe walikuwa ama wapagazi ama majangili. Akienda kumwuliza nyanya yake jina la babu, pengine atajibiwa kwa neno ambalo hatujawahi kuliandika popote. Ni wajibu wetu kumtuma akaulize, na akirudi, tumpe nafasi ya kulisoma neno hilo mbele ya wenzake.