Ndege Haianguki kwa Kuzima Injini

Kila ndege ndogo ikipata ajali, vijiweni hutokea wataalamu. Wanaeleza kilichotokea kwa uhakika wa fundi aliyekuwemo ndani, na sehemu kubwa ya wanayosema si kweli.

Husemwa kwanza kwamba injini ikizima, ndege hudondoka kama jiwe. Kinachoibeba ndege ni mabawa. Kazi ya injini ni kuipa mwendo. Injini ikinyamaza, rubani hushusha pua kidogo, na kimo alichonacho kinageuka kuwa mwendo. Cessna 172, ndege iliyozoeleka katika viwanja vyetu, husonga mbele futi tisa hivi kwa kila futi moja inayoshuka. Ikiwa futi 3,000 juu ya ardhi na upepo umetulia, rubani ana kilomita kama nane na dakika kama nne za kutafuta pa kutua.

Basi inunuliwe yenye injini mbili, yaishe? Hayaishi. Moja ikizima, uwezo wa kupanda haupungui nusu. Hupungua asilimia 80 au zaidi, na ile nzima huivuta ndege upande. Rubani akizubaa, inapinduka.

Dai linaloua zaidi ni hili: injini ikizima mara tu baada ya kuruka, geuza urudi, si uwanja uko hapo nyuma? Ukigeuka nyuzi 180 hujarudi kwenye njia uliyorukia. Uko pembeni yake, kwa hiyo ugeuke zaidi, kisha ugeuke tena upande wa pili ujipange, na muda wote huo unashuka. Upepo uliokuwa usoni sasa uko mgongoni. Ardhi inapita mbio, unadhani mwendo unatosha, unavuta usukani. Kumbe ndege iliyolala nyuzi 45 bila kupoteza kimo huhitaji mwendo wa asilimia 19 zaidi ili mabawa yaendelee kubeba. Kwa nyuzi 60, asilimia 41. Yakiacha kubeba ukiwa futi 300, hakuna nafasi ya kurekebisha. Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa kutua mbele, kidogo kulia au kidogo kushoto. Magurudumu yavunjikie shambani, hayo hununuliwa.

Machi 2015 mwigizaji Harrison Ford aliruka Santa Monica, California, na Ryan PT-22, ndege ya mafunzo ya enzi za Vita vya Pili vya Dunia. Injini ikapoteza nguvu, akaomba kurudi. Hakufika: ndege ilikwaruza kilele cha mti, ikatua kwa kishindo kwenye uwanja wa gofu wa Penmar. Aliumia vibaya, lakini akapona.

Uchunguzi ulikuta kipande kidogo kinachopima petroli ndani ya kabureta kimejifungua, injini ikanyweshwa kupita kiasi. Hapo linaporomoka dai jingine, kwamba injini hufa kwa uzee au kwa chuma kukatika. Mara nyingi chuma ni kizima. Petroli imekwisha, au tanki moja limekauka huku la pili limejaa na rubani hajageuza swichi.

Au ni barafu. Hapa ndipo watu wa pwani hucheka: barafu Mombasa? Ndiyo, Mombasa. Petroli ikigeuka mvuke ndani ya kabureta, na hewa ikipenya kwenye koo lake jembamba, joto la humo hushuka nyuzi 20 au zaidi, na unyevu wa bahari ukaganda. Mizunguko ya injini hupungua polepole bila kelele. Dawa ni kitasa cha hewa ya moto, lakini ukikivuta, injini kwanza hutetema na kukohoa, kwa sababu inameza maji ya barafu inayoyeyuka. Rubani mwenye hofu huona ameharibu zaidi, akakirudisha kitasa sekunde chache kabla hakijamaliza kazi yake.