Asilimia 50 ya Nini?

Vijana wa Mpanda wanaotangaza linki za poka na za kubeti wana kipimo kimoja tu cha kampuni nzuri: asilimia ya kamisheni. Inayotoa 25 ni bahili, inayotoa 40 ina nafuu, inayotoa 50 ndiyo yenyewe. Kipimo hicho ni kibovu, na wanaokieneza, kuanzia vijiwe vya bodaboda vya Makanyagio hadi magrupu ya Telegram, wanawaponza wenzao. Kampuni inayotoa asilimia 50 inaweza kumlipa dalali wake, yaani mtangazaji wa linki, kidogo kuliko inayotoa 25, tena bila kuvunja hata neno moja la mkataba.

Kinachouma ni kwamba Mpanda iko Katavi, mkoa ambao watu wake wanalijua jambo hili kuliko wengi. Mkulima wa tumbaku wa Mishamo au wa Nsimbo hadanganyiki kwa bei ya kilo iliyotangazwa. Anajua bei ile kubwa ni ya daraja la juu, na kwamba marobota yake yatapita kwanza mbele ya mteuzi. Anajua mkopo wa mbolea na dawa utakatwa kabla hajaiona hela, na chama cha msingi nacho kina makato yake. Kwa kuwa tumbaku imeuzwa kwa dola kwa miaka mingi, atauliza pia benki imebadilisha kwa shilingi ngapi siku ya malipo. Mtoto wa mkulima huyohuyo, akishika simu, anakubali mkataba wa dola kwa kubofya mara moja, na halipo swali hata moja la baba yake ambalo ameliuliza.

Swali la kwanza ni hili: asilimia 50 ya nini? Mikataba mingi itakujibu kwamba ni ya mapato halisi, na hapo ndipo hela inapopotelea, kwa sababu anayeamua mapato halisi ni kiasi gani ni kampuni yenyewe. Tuchukue mfano. Watu waliojiunga kwa linki yako wamepoteza jumla ya shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kampuni ya asilimia 50 inakata kwanza bonasi ilizowapa wateja, 250,000. Inakata gharama za kuweka na kutoa fedha, 50,000. Inakata kodi na ada za leseni, 200,000, kisha kitu kinachoitwa gharama za uendeshaji, 150,000. Zimebaki 350,000, na nusu yake ni 175,000. Kampuni ya pili, ile bahili ya asilimia 25, inakata bonasi tu. Zinabaki 750,000, na robo yake ni 187,500. Bahili amelipa zaidi.

Hapo hatujafika kwenye kifungu kibaya kuliko vyote, cha kuhamisha deni kwenda mwezi unaofuata. Kijana mmoja wa Kashaulili alinifungulia ukurasa wake wa kamisheni. Waliojiandikisha 38, walioweka hela 9, salio: dola 61 chini ya sifuri. Katika wale tisa mmoja alikuwa ameshinda kwenye gurudumu la kasino, na ushindi wake umefuta kazi yote ya mwezi na kumwachia dalali deni. Nilimuuliza kama anamfahamu huyo mshindi. Akasema ni jirani yao, fundi pikipiki, na kwamba anangoja arudi kucheza ili salio lipande. Alilisema bila ubaya wowote moyoni, maana ni kijana mwema. Lakini mkataba alioukubali umemfikisha mahali pa kungoja jirani yake aliwe hela ili yeye apate ya bando. Mkataba wa namna hiyo hauwezi kuitwa wa haki hata kama kampuni inalipa kila tarehe mosi bila kukosa.

Kwenye poka ya kweli deni kama hilo halina sababu ya kuwepo, na hili ndilo ambalo watangazaji wetu wengi hawajalielewa. Katika kubeti na kasino mteja anashindana na kampuni: akipoteza, kampuni inapata, akishinda, kampuni inatoa. Katika poka wachezaji wanashindana wenyewe kwa wenyewe. Kampuni inachukua ada ya meza, kipande kidogo cha fedha zilizowekwa mezani, mara nyingi asilimia 5 au pungufu, tena chenye kikomo. Awe ameshinda Juma au Asha, ada imeshachukuliwa. Ada hiyo haiwezi kushuka chini ya sifuri. Kwa hiyo ukiona akaunti yako ya poka ina deni, ujue mara nyingi ni moja ya mambo mawili: ama bonasi za wateja zimekatwa kupita ada yenyewe, ama poka imechanganywa kwenye hesabu moja na kasino na mikeka ya mpira. Kampuni hupenda kuchanganya hivyo, na mchezaji wa poka hutupiwa bonasi za kasino mpaka ahame meza. Ukikubali hesabu moja, kila ulichopata mezani kwa ada kinaweza kuliwa na bahati ya mtu mmoja kwenye gurudumu.

Hata hiyo ada ina njia mbili kubwa za kuhesabiwa kwa kila mteja uliyemleta, na mtangazaji anayeringia asilimia zake huwa hazijui. Meza ina watu sita, ada ya mchezo mmoja ni shilingi 1,200. Njia ya kwanza inamwandikia kila aliyepewa karata shilingi 200, acheze asicheze. Njia ya pili inamwandikia kila mtu kwa kadiri ya hela alizoweka: aliyeweka nusu ya fedha zote ataandikiwa 600, aliyetupa karata mapema bila kuweka kitu ataandikiwa sifuri. Mteja wako akiwa mwangalifu, wa kutupa karata mara nyingi, tofauti ya njia hizi inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya asilimia 30 na 45. Nani amewahi kuuliza hilo kwenye grupu?

Halafu kuna ahadi ya kamisheni ya maisha. Maisha ya nani? Julai 2019 serikali ya Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti, SportPesa na Betin zikiwamo, na Safaricom ikaamriwa kuzifungia namba za malipo. Miezi michache kabla yake SportPesa ilikuwa jina la vifua vya wachezaji, huko na hapa kwetu. Asilimia ya maisha ya aliyekuwa akizitangaza ilikatika hapo. Nje ya Afrika Mashariki, Full Tilt Poker ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za poka duniani, yenye mabingwa wa televisheni kama watangazaji. Marekani iliifungia Aprili 2011, na Septemba waendesha mashtaka walieleza kwamba kufikia mwisho wa Machi mwaka huo ilikuwa inadaiwa na wachezaji kiasi cha dola milioni 390, wakati benki ilikuwa na milioni 60 hivi. Leseni ilikuwa nayo, ya kisiwa cha Alderney.

Hayo ya visiwa yanatuhusu. Linki nyingi zinazozunguka huku ni za kampuni zenye leseni za Curaçao, kisiwa cha Karibi ambako kwa miaka mingi wenye leseni kuu walikuwa wanne tu, nao ndio waliowagawia wengine leseni ndogo. Ukidhulumiwa dola 200 ukiwa Mpanda, unamshtaki nani kule? Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayotoa leseni. Kampuni yenye leseni ya Bodi ina ofisi ya kubisha hodi na ina mtu wa kumwandikia barua nakala kwa msimamizi wake. Kampuni isiyo nayo haijaruhusiwa kumhudumia Mtanzania, na wewe unayeitangaza unawapelekea majirani zako mchezo ambao siku wakinyimwa ushindi wao hawatakuwa na pa kwenda. Watakuja kwako. Kwa mtazamo wangu hili linatangulia hesabu zote, na linafuta linki nyingi zilizopo leo. Afadhali zifutike. Na aliye chini ya miaka 18 hapelekewi linki ya kampuni yoyote, iwe na leseni au isiwe nayo. Sheria imesema, na nusu ya magrupu ninayoyaona yana wanafunzi.

Najua jibu nitakalopewa: mkataba umeandikwa na kampuni, kijana wa Katavi hana ubavu wa kuubadili, kwa hiyo achague asilimia kubwa na amwachie Mungu. Si kweli. Kampuni nyingi za aina hii zina meneja wa madalali, na kazi yake ni kuletewa wachezaji. Dalali mwenye wachezaji 20 wa poka wanaokaa mezani kila wiki ana kitu ambacho meneja huyo anakitaka, na masharti ya mtu mmojammoja hubadilishwa kila siku kwa barua pepe. Mwandikie kabla hujatuma linki. Mwombe mambo matatu kwa maandishi: deni la mwezi lisihamishwe, poka ihesabiwe peke yake, na masharti mapya yasiwaguse wateja uliokwisha kuwaleta. Akikataa la kwanza, usimpelekee mtu hata mmoja, hata akipandisha asilimia hadi 60.