Roboti za maonyesho tosha. Leteni lethi

Acha niseme kile wengi mnaogopa kusema: roboti nyingi za klabu za shule ni urembo tu. Mnaunganisha plastiki na plastiki, mnabonyeza simu, kitu kinazunguka meza, wazazi wanapiga makofi. Muhula ukiisha, iko kabatini. Umejifunza nini? Kubonyeza.

Hiyo pesa inunue seti ya kujiundia lethi ndogo. Lethi ni mashine ya kukereza: inazungusha kipande cha mbao au chuma, kisu kinakikwangua hadi kinakuwa mviringo safi. Enda Kariobangi Light Industries uone mafundi wakiitumia. Shafti, bushi, puli, zote zinapita hapo. Na shule yetu je? Lethi ilikuwepo, kubwa kabisa, ndani ya karakana yenye kufuli. Miaka minne niliiona kupitia dirisha.

Ile ndogo inakaa mezani. Unapata reli, mota ya volti 12, mkanda, chaki ya kushika kipande, na skrubu kibao. Unaiunda mwenyewe, na hapo ndipo somo liko. Roboti ikipinda kidogo bado itatembea. Lethi haitaki uongo. Chaki isipolingana na reli, kipande kinatoka kinene huku, chembamba kule. Kisu kikikaa chini ya kitovu, kinaacha kichunusi katikati. Slaidi ikilegea, kisu kinatetemeka na kuchora mawimbi. Unapima kwa kalipa, unakaza, unajaribu tena. Huyo sasa ni mwanafunzi anayefikiria.

Najua mtasema, "Hiyo ni toy, haikati chuma." Sawa, mota ndogo hivyo ni ya mbao, plastiki, na aluminiamu ukiikwangua polepole. So? Kanuni ni zile zile. Karibu mwaka 1800 kule London, Henry Maudslay aliweka reli za chuma, kishikilia kisu na skrubu ndefu kwa lethi moja, na nyuzi za bolti zikaanza kutoka sawasawa, moja baada ya nyingine. Viwanda vilisimama juu ya hiyo kazi.

Mtasema pia ni hatari. Inataka adabu, ndiyo: miwani, nywele zifungwe, hakuna glavu, hakuna mkono wa shati unaoning'inia, na ufunguo wa chaki hauachwi ndani hata sekunde moja. Hiyo adabu nayo ni elimu.

Halafu kuna wale wa "dunia ni ya kodi na AI." Poa. Shafti ya hiyo roboti yako itaandikwa kwa kodi? Tunapenda kucheka Nyayo Pioneer ya 1990, gari letu lililoishia kwa mifano michache. Lakini sisi tunaocheka, wangapi wanaweza kutengeneza hata bushi moja?

Lethi ina kitu roboti ya maonyesho haina: inazaa. Ukimaliza kuiunda, inakutengenezea vishikio na puli zake yenyewe, halafu vipuri vya mradi unaofuata.

Kwa hivyo klabu yenu ikitaka kununua kitu tena, inua mkono umuulize mwalimu swali moja tu: "Hiki kinaweza kutengeneza kingine?" Akinyamaza, mmejua pesa inaenda wapi.