Tuuzibe Upepo Kabla Haujameza Maneno

Siku hizi si ajabu kumwona kijana akipita na pikipiki katika barabara ya Mombasa kwenda Malindi, kamera ndogo imekaa juu ya helmeti yake kama jicho la tatu. Anakwenda huku anahadithia: hapa ni Mtwapa, kule kuna magofu ya Jumba la Mtwana, mbele yetu ni Kilifi. Jambo hilo ni jema, nasi twaliunga mkono. Zamani habari za safari zilisimuliwa barazani baada ya sala ya Isha, na msimulizi alipoondoka duniani nyingi ziliondoka naye. Leo kijana anaweza kuwawekea wanawe na wajukuu wake alichokiona.

La kusikitisha ni kwamba picha hizo zikifunguliwa nyumbani, macho hushiba na masikio yakafa njaa. Badala ya maneno, husikika ngurumo moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, kana kwamba mtu anapasua jamvi. Mpwa wetu mmoja alituletea safari yake ya namna hiyo mwaka juzi. Tulisikiliza nusu saa nzima, tukaambulia salamu yake ya mwanzo, alipokuwa bado hajaling'oa pikipiki. "Mjomba," akasema kwa unyonge, "upepo umeila safari yangu."

Wengi hudhani kasoro ni kamera ya bei rahisi. Sivyo. Hata kamera ya ghali hunguruma ikiachwa wazi, kwani ngurumo ile aghalabu si sauti itokayo mbali ikafika kwenye kinasa sauti. Ni upepo wenyewe unaovurugika pale pale, ukikipiga kinasa sauti makofi. Na mwendo ukiongezeka mara 2, nguvu ya makofi hayo huongezeka mara 4. Ndiyo maana yule aliyesikika vizuri kwa kilomita 50 kwa saa hasikiki kabisa afikapo 100.

Wako wanaosema, "Haidhuru, nitasafisha sauti nikifika nyumbani kwa programu ya kompyuta." Hapa ndipo tunapotaka kuwaonya vijana wetu. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya ngurumo ya upepo ni sauti nzito, na ukiikata mitetemo iliyo chini ya 100 hivi kwa sekunde, maneno hayapotezi maana yake, kwa kuwa herufi kama s, f na sh husikika katika mitetemo ya juu zaidi, elfu kadhaa kwa sekunde. Lakini upepo ukishakilemea kinasa sauti hadi kikafika ukomo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, na maneno yaliyokuwamo hayakuhifadhiwa popote. Hapo programu haina cha kurejesha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi dawa ni kumzuia mwizi mlangoni. Kwanza, mtu asitegemee kinasa sauti kilicho ndani ya kamera, kwani kiko nje juu ya kichwa, mahali penye upepo mwingi kuliko pote. Kama kamera yake inakubali, atafute kinasa sauti kidogo chenye waya, akivishe kifuniko cha sponji, kisha akipachike ndani ya helmeti mbele ya kidevu, karibu na pembe ya mdomo. Asikiweke mbele ya mdomo kabisa, pumzi zake zisije zikawa upepo wa pili. Waya upitishwe chini ya bitana na kubanwa usicheze. Pili, uwazi ulio chini ya kidevu upunguzwe kwa kitambaa cha shingoni. Tatu, kama kamera ina kitufe cha kupunguza upepo, kiwashwe, na kiwango cha kunasa kiteremshwe. Nne, aende mwendo mfupi, asimame kando ya barabara, asikilize. Dakika 5 za majaribio zaweza kuokoa safari ya siku nzima.

Lakini helmeti isitobolewe kwa ajili ya waya, kwani tundu hupunguza uimara wake, wala mtu asishughulike na kamera huku pikipiki yaenda. Hakuna picha yenye thamani ya roho ya mtu.

Twayasema haya kwa uchungu kwa sababu habari ya mpwa wetu haikuishia barabarani. Siku ile ile alifika Takaungu, mji ambao tawi moja la Wamazrui walihamia baada ya kushindwa Mombasa mwaka 1837. Akakaa ufukweni na mzee mmoja aliyemweleza habari za mji na majina ya pepo za baharini alizofundishwa na babake. Ulikuwa msimu wa kusi. Kamera ilikuwa ile ile, haina kifuniko, na kusi ikaimeza sauti ya mzee kama ilivyomezwa ile ya barabarani. Kijana akaazimia kurudi. Kabla hajarudi, mzee alifariki. Mwenyezi Mungu amrehemu. Picha yake ipo, midomo yaonekana ikienda, na neno hatulipati.

Wazee wetu waliojenga daka mbele ya nyumba zao walijua walifanyalo. Ukimkalisha mzee ndani ya daka, kuta za mawe zikakinga kusi au kaskazi, ukakisogeza kinasa sauti kilichofunikwa sponji hadi shubiri moja kutoka kinywani mwake, utasikia hata anavyomeza mate. Haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji kukumbuka mapema.

Vijana wetu wamepewa chombo ambacho mababu zao hawakukiota. Maneno ya wazee ni amana, na amana haitupwi mbele ya upepo. Kila anayevaa kamera na aanze kwa kukifunika kinasa sauti, ndipo apige gia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa aliyekwisha kufa, ni nani atakayeujenga?