Injini Mpya, Breki za Zamani

Katika gereji za Katwe na mitaa ya Kisekka hapa Kampala, kama zilivyo zile za barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi na za Gerezani mjini Dar es Salaam, si ajabu kuikuta Land Rover ya zamani imevuliwa boneti, na juu yake injini ya gari jingine ikining'inia kwenye mnyororo, yangoja kuteremshwa. Injini hiyo pengine imetoka katika Toyota iliyopinduka, au katika Land Rover Discovery ambayo bodi yake imeliwa na kutu. Mwenye gari amechoka kununua petroli ya kilometa 5 au 6 kwa kila lita. Fundi naye amemhakikishia kwamba kwa dizeli atakwenda mbali zaidi, na milima atapanda bila kubadili gia kila baada ya kona.

Sisi hatumo miongoni mwa wale wanaoilaani kazi hii. Wapo, hasa huko Ulaya, watu wanaoamini kwamba gari la kale likitolewa injini yake ya asili limeharibiwa heshima, na thamani yake imekwisha. Hoja hiyo yaweza kumfaa mtu anayelifunika gari lake turubai na kulitoa siku za maonyesho. Lakini Land Rover iliyoko Kisoro au Moroto haikununuliwa ili itazamwe. Yabeba wagonjwa, mbolea, mitungi ya maji na watoto wa shule. Sheria ya mwaka 2018 imepiga marufuku kuingiza nchini magari yaliyozidi umri wa miaka 15, na magari mapya ya kazi bei yake haishikiki kwa wananchi walio wengi. Maadamu chesisi ni nzima, kulitupa gari kwa sababu ya injini iliyochoka ni kutupa mali.

Tena wenye kutetea uasili wasisahau historia ya gari lenyewe. Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, ilitumia injini ya lita 1.6 iliyotengenezwa kwa ajili ya gari dogo la Rover la mjini. Na mwaka 1979 kiwanda hicho hicho kiliichukua injini ya silinda nane, ya lita 3.5, ambayo asili yake ni kampuni ya Buick ya Marekani, kikaitia katika Land Rover ndefu. Basi kuazima moyo wa gari moja na kuutia katika kifua cha jingine hakukubuniwa Katwe.

Lakini twawaomba wasomaji watazame vizuri namna kiwanda kilivyoifanya kazi ile ya mwaka 1979, kwa maana humo ndimo lilimo somo kwa mafundi wetu. Injini ile katika Range Rover ilikuwa ikitoa nguvu za farasi zaidi ya 130. Wahandisi walipoitia katika Land Rover waliibana makusudi hata ikatoa 91 tu. Wala hawakuiunganisha na giaboksi ya zamani; walileta giaboksi ya Range Rover yenyewe, iliyozoea nguvu ile. Watu waliolichora gari wenyewe, wenye michoro yote mezani, hawakuthubutu kuliachia nguvu zote. Sembuse fundi ambaye amepewa siku nne na malipo ya awali!

Na tuitazame hesabu. Injini ya petroli ya lita 2.25, iliyo katika Land Rover nyingi za miaka ya 1960 na 1970, hutoa nguvu za farasi 70 na kitu. Injini ya dizeli yenye turbo, ile iliyotolewa na Discovery mwaka 1989, hutoa 111, na nguvu yake ya kuzungusha shafti ni kubwa kuliko ya ile ya kwanza kwa zaidi ya nusu. Toyota ya silinda sita ya lita 4.2 yazidi hapo, na uzito wake wote huangukia ekseli ya mbele na mikono ya dereva, kwani usukani wa gari lile hauna msaada wowote. Shafti za ekseli ya nyuma, hasa katika Land Rover fupi, zilikuwa zikikatika hata kwa injini ya asili, dereva alipoachia klachi kwa pupa akiwa amekwama matopeni.

Hata hivyo shafti iliyokatika hulisimamisha gari tu. Jambo linalotutia hofu ni breki. Land Rover hizi zina breki za ngoma katika magurudumu yote manne, zilizopimwa kwa gari ambalo likijitahidi sana hufika kilometa 100 kwa saa na ushei, na ambalo kwa kawaida lilikwenda 60. Sasa dereva aliyekuwa akienda 60 anakwenda 90, kwa kuwa injini yamruhusu na haipigi kelele. Nguvu ambayo breki zapaswa kuimaliza haikuongezeka kwa nusu, kama mwendo ulivyoongezeka. Imekuwa mara mbili na robo. Katika mteremko wa Kanaba, kati ya Kisoro na Kabale, watu kumi wakiwa wameketi nyuma juu ya magunia, ngoma hupata moto, na zikipata moto hazishiki.

Liko na jambo la siri zaidi, ambalo wenye magari wengi hawaambiwi. Gari la petroli lenye busta ya breki hufyonza hewa ya busta hiyo kutoka kwenye njia ya kuingizia hewa ya injini. Injini ya dizeli haina mfyonzo huo, kwani hewa huingia humo bila kizuizi. Ndiyo sababu Toyota nyingi za dizeli zina pampu ndogo ya kufyonza, iliyofungwa nyuma ya alteneta. Fundi akiiacha alteneta ile na kufunga ya bei nafuu isiyo na pampu, taa zitawaka na betri itajaa, na mwenye gari ataondoka akishukuru. Siku atakapohitaji breki ndipo atakapokuta pedali imekuwa ngumu kama jiwe.

Kuhusu injini ipi ifaayo, maoni yetu hayatawafurahisha wote. Ile ya Discovery ni ndugu wa damu wa injini za zamani za Land Rover, na kwa hiyo hufungika kwenye giaboksi ya zamani bila kukatakata sana, ingawa turbo na bomba la moshi huhitaji kutafutiwa nafasi upya. Kwa upande wa ufundi hiyo ndiyo njia nyofu. Lakini spea za Toyota zapatikana katika kila kituo cha biashara nchini, na mtu wa Moroto hawezi kungoja mwezi mzima kwa ajili ya gasketi. Basi Toyota itaendelea kushinda. Achukuaye njia hiyo ajue tu kwamba sahani ya chuma inayounganisha injini na giaboksi haikatwi kwa kukisia. Ikipotoka hata kidogo, beringi na sili za giaboksi huanza kufa mara tu gari lianzapo kutembea. Kazi hiyo ni ya mashine ya kukerezea, si ya gesi na nyundo.

Twasema basi kwamba bei ya injini isizungumzwe peke yake. Mwenye gari anapopatana na fundi, breki na ziwekwe mwanzo wa hesabu: ngoma zichongwe, viatu viwe vipya, mabomba yakaguliwe, na mfyonzo wa busta upimwe injini ikiwa yanguruma. Fedha zikipungua, afadhali injini ingoje. Fundi naye atoe karatasi yenye jina lake, namba ya injini aliyoifunga na orodha ya alichokibadili. Mafundi hodari hawataiogopa karatasi hiyo. Itawatenga na wale wanaowaharibia jina.

Kwa wakubwa wa usajili twatoa rai moja. Hivi sasa watu wengi hubadili injini na kukaa kimya, kwa kuogopa gharama na mizunguko ya ofisini, hata namba iliyo katika kadi ya gari haifanani tena na iliyo chini ya boneti. Polisi akiikuta, mtu mwaminifu huonekana mwizi. Ada na ipunguzwe, na siku mwenye gari atakapokuja kuandikisha injini yake mpya, mkaguzi asiishie kusoma namba. Alipeleke gari barabarani likiwa na mzigo, alikimbize, kisha akanyage breki.