Usitukane Wakunga na Uzazi Ungalipo

Juzi nimeketi kijiweni nakunywa kahawa, akapita mzee mmoja akichechemea. Kijana akamwuliza mwenzake ni nani yule. Akajibiwa: "Yule? Alikuwa mgambo tu." Kahawa ikanishinda kumeza. Ndugu zangu, neno "mgambo" sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni hiyo "tu."

Mgambo tu! Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, yakaua raia, yakaswaga ng'ombe na kulipua daraja la Kyaka, nani aliitwa? Wanajeshi wa kambini hawakutosha. Waliitwa polisi, magereza, vijana wa JKT, na mgambo kwa makumi ya maelfu: walimu, wakulima, makuli. Mimi nilikuwa seremala. Nilimwachia mdogo wangu randa na msumeno, na kitanda cha bwana harusi aliyekwisha kulipa nusu nikakiacha mbao tupu. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Maneno yalinikauka, nikamwambia tu asisahau kufungia kuku.

Aisifuye mvua imemnyea. Kutoka Mutukula hadi Masaka tulikwenda kwa miguu, mzigo mgongoni, tope magotini, mpaka Kampala ikaanguka Aprili 1979. Askari wa kazi, vita vikiisha, hurudi kambini na mshahara wake. Mgambo hurudi kwenye jembe lililoota kutu. Na wapo wasiorudi. Nendeni Kaboya, kule Muleba, mkayahesabu makaburi.

Niliporudi nilikuta kitanda kile vilevile. Mwenyewe alikuwa akilala mkekani na mkewe, amekataa fundi mwingine asikiguse. "Fundi wangu yuko vitani," alikuwa akisema. Huo ndio utu tuliolelewa nao. Leo umekwenda wapi?

Vijana wetu nawajua, si wabaya. Jirani akifiwa, ndio wa kwanza kuchimba kaburi. Lakini wameshika ile ya mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Na hapa siwezi kunyamaza. Enyi mnaovaa sare ya mgambo leo mkapiga teke sufuria la mama lishe na kumwaga nyanya za mjane barabarani, ninyi ndio mliolipaka tope jina hili! Sisi tuliivaa kumfukuza mporaji. Ninyi mnaivaa mpore? Muogopeni Mungu. Samaki mmoja akioza, huoza wote.

Kila Julai 25 tunaweka mashada, na ni jambo jema. Ila shada halimpeleki mzee hospitali, wala halimpi mjane uji. Mzee wa mtaani kwako mpe shikamoo yake, mpelekee sukari, keti umwulize aliacha nini siku ile alipoitwa. Asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu.

Nawe kijana wa kijiweni, mipaka ya nchi haijahama. Baragumu likilia kesho, bodaboda utamwachia mdogo wako, na mkeo utakosa la kumwambia. Utakaporudi ukichechemea, Mungu akujalie watu watakaosema: "Yule alikuwa mgambo." Waishie hapo.